Vidole Vinne vya Mdeki

"Lina kitu."

"Halina kitu."

"Baba, mimi nakwambia lina kitu. Lilivyo zito!"

"Uzito uko kwenye mikono yako. Halina kitu, nimeshasema."

"Basi ligeuzie upande wako, tuone kama utakaa hapo."

"Mimi nijielekezee bunduki? Kwenye meza yangu mwenyewe? Na chai sijanywa?"

Gobore lenyewe lilikuwa limelala mezani kati yao, mtutu umeelekea dirishani, kimya, kama vile si lenyewe linalogombewa. Lilikuwa gobore la zamani, la kujazwa kwa mdomoni: unamimina baruti, unatia kitambaa, unatia marisau, zile punje za risasi, unatia kitambaa kingine, unashindilia, halafu unamwomba Mungu. Tangu msimu uliopita lilikuwa limetundikwa ukutani. Sasa je, siku ile ya mwisho mwenyewe alilipiga, au alilitundika limejaa? Mwenyewe hakumbuki, ila hawezi kukubali kwamba hakumbuki.

Mwenyewe ni Mzee Futi, seremala. Jina la Futi alipewa kwa sababu hana raha na kitu ambacho hajakipima. Akija kukusalimia, kabla hajakaa ameshaupima mlango wako kwa shibiri na kukwambia umepinda. Na aliyekuwa akibishana naye alfajiri ile ni mkwe wake, fundi baiskeli, mwembamba, mguu wake wa kulia unacheza chini ya meza tangu alipokaa. Huyo watu humwita Spoki.

Spoki hakuja pale kwa uchu wa nyama. Alikuja kwa ajili ya mke.

Wiki tatu nyuma alipanda juu ya jiko la nyumbani kwake kuziba tundu moja kwenye paa. Tundu moja tu. Akang'oa mabati yote sita ili aifanye kazi vizuri, halafu akapita mtu na baiskeli yenye mlio wa ajabu, Spoki akashuka kuisikiliza, na kutoka hapo akaenda kutengeneza pampu ya mtu mwingine, na kutoka hapo hata yeye hajui. Mvua ikanyesha ndani ya sufuria ya maharage. Mkewe, mpishi wa kantini ya kiwanda, mtu anayelisha watu mia mbili kwa siku bila kupandisha sauti, akazima moto uliokwisha kuzimika, akafunga nguo zake, akasema, "Siku utakayomaliza kitu kimoja ulichokianza, kimoja tu, nitarudi." Akaenda kwa baba yake.

Mzee Futi alikuwa ameishi mwaka mzima kwa chai na mkate. Binti aliporudi na mkono wake ule wa upishi, mzee akaota mashavu. Kwa hiyo Spoki alipokuja kuomba msamaha, mzee alifikiria sana, akatoa mtihani ambao alijua kabisa mkwe wake ataufeli. "Kesho kutwa twende bwawani kuwinda mabata bukini. Hutaongea, hutajikuna, hutainuka mpaka watue. Ukimleta mmoja hapa, mke wako huyo. Usipomleta, usinisumbue tena."

Mke alikubali. Na alfajiri hii alishatoka kwenda kantini, amewaacha wanaume na kesi yao.

"Gobore halibishaniwi," alisema Mzee Futi akiinuka. "Linapimwa."

Nyuma ya mlango wa jikoni akachukua mdeki, ile fimbo ya mti mgumu ya kushindilia baruti. Aliuweka mbali na gobore makusudi, ili mjinga akipata kimoja asipate cha pili. Juu ya mdeki palikuwa na alama aliyoichonga mwenyewe kwa patasi.

"Angalia, ujifunze. Ninautumbukiza mpaka chini. Alama ikilingana na mdomo wa mtutu, ndani patupu. Alama ikisimama juu vidole vinne, ndani pana mzigo. Haya, inasomaje?"

Alama ilikuwa sawasawa na mdomo wa mtutu. Hata unywele usingepita.

"Patupu," alikiri Spoki. "Lakini baba, huu mdeki mbona kama mfupi?"

"Ati nini?"

"Naona kama..."

"Miaka arobaini nakata mbao! Leo mtu wa kupaka grisi minyororo anifundishe urefu?"

Spoki akameza maneno yake. Kazi ya kufunga mdomo ndiyo hiyo ilikuwa imeshaanza. Akatoa mfukoni kikopo cha gololi ndogo za baiskeli, kwa sababu marisau ya mzee, yale ya risasi nyeusi, yalikuwa yamekwisha mwaka jana. Mzee mwenyewe alishalalamika hivyo mara tatu. Wakajaza pamoja: kipimo kimoja cha baruti, kitambaa, gololi, kitambaa. Mzee akashindilia. Alama ikasimama juu vidole vinne.

"Umeona?" alisema Mzee Futi, akiurudisha mdeki nyuma ya mlango. "Kipimo hakidanganyi."

Bwawani jua lilipochomoza liliwakuta wamechuchumaa ndani ya matete, matope yamefika kwenye vifundo. Spoki alipakata gobore. Nusu saa ya kwanza aliiweza. Nusu saa ya pili pua ikaanza kumwasha, akaiacha iwashe. Halafu siafu mmoja akaingia kwenye mguu wa suruali. Siafu huyo akapita kifundo, akapita goti, akafika mahali pazuri, akauma. Kisha, inaonekana, akaita wenzake.

Spoki aliuma meno. Machozi yakamtoka kimya kimya. Alifikiria mabati sita, akaanza kuyahesabu, akimaliza anaanza tena. Aligeuka kwa macho tu, shingo haikusogea, amtazame baba mkwe wake walau apate huruma.

Baba mkwe wake alikuwa amelala fofofo.

Tena si kulala tu. Mzee Futi alikuwa akikoroma, mkoromo mzito wenye kona mwishoni: *hooonk*. Spoki akaona mambo yameharibika. Hawezi kumwamsha bila kusogea, hawezi kumwita bila kuongea. Masharti ni masharti, na mwenye masharti ndiye anayefukuza ndege.

Mbali kule upande wa pili wa bwawa kitu kikajibu.

*Hooonk*, alisema Mzee Futi.

*Honk, honk*, wakasema wenyewe.

Wakaja. Waliruka chini chini, kumi na zaidi, shingo zimenyooka, wakazunguka mara mbili kumtafuta huyo ndugu yao mwenye mafua, wakatua majini hatua ishirini kutoka hapo, *chwaaa*. Mmoja mkubwa akasogea kabisa kusikiliza. Spoki akainua gobore taratibu, kwa mara ya kwanza maishani mwake taratibu, akalenga, akavuta.

Gobore likakohoa. Likanyamaza kidogo kama linalokumbuka jambo. Halafu likalipuka mlipuko ambao hata wenye maduka mjini walitoka nje kutazama mawingu.

Spoki hakusikia kitu. Alijiona anaruka kinyumenyume, akamwangukia mkwewe, wote wawili wakazama topeni. Moshi mweusi ukawafunika.

"Nani kafa?" aliuliza Mzee Futi kutoka chini.

"Sijui, baba... sijui."

Moshi ulipopungua, juu ya maji walielea mabata bukini watatu.

Mtu mwingine angefurahi. Mzee Futi alitema matope, akatazama mtutu, akatazama wale ndege watatu, akamtazama mkwewe aliyekuwa ameshika bega, na uso ukamkunjuka kwa ushindi.

"Umetia baruti mara mbili."

"Nani? Mimi?"

"Gobore langu nalijua! Halipigi hivyo. Nilipokwenda kuvaa viatu, ukaongeza. Haraka zako hizo, kiherehere hicho hicho kilichong'oa mabati. Ungetuua! Mtihani umeufeli."

"Baba, haki ya Mungu sikuongeza hata punje!"

"Beba ndege wako twende. Nyama tutakula. Mke hupati."

Wakashika njia ya nyumbani. Spoki alisukuma baiskeli na mabata watatu wananing'inia kwenye usukani, bega linamuuma, mapaja yanawaka moto. Kitu kimoja alikuwa amekimaliza, cha kwanza tangu azaliwe, na hakuna anayekiamini.

Mkewe aliporudi mchana aliwakuta uani wamekaa mbalimbali, kila mmoja ananyonyoa bata wake kwa hasira, manyoya yametanda kama theluji ya kwenye picha.

"Kuna nini?"

"Muulize mume wako."

"Muulize baba yako."

Hakumwuliza yeyote. Alivaa khanga yake ya jikoni, akapasua ndege, akapitisha ngozi kwenye moto kuondoa vinyoya vilivyobaki. Nyama ya bata wa porini ni ngumu kama soli ya kiatu. Akamwacha mmoja kwenye beseni, nyama ya wale wawili akaitia kwenye sufuria kubwa na vitunguu, pilipili manga na siki, akaiacha ichemke polepole saa mbili nzima, na mafuta yaliyoelea akayaengua kwa kijiko akayaweka kando. Ndipo akaikausha, akakaangia nyanya na kitunguu saumu mpaka harufu ikawafanya wale wawili wasogeze viti bila kutazamana.

Wakaanza kula. Ti, likalia jino la Spoki. Akatoa mdomoni gololi moja ya baiskeli. Ti, ya pili.

"Ndiyo hizo," alisema Mzee Futi akitafuna. "Umejaza gololi utadhani unapakia lori. Na baruti hivyo hiv—"

Akaacha kutafuna. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa kitu kidogo, akakiweka kwenye kiganja. Hakikung'aa. Kilikuwa cheusi, laini, kimebonyea kwa jino lake.

"Hii nini?" aliuliza mkewe Spoki.

Mzee akainama juu ya sahani. Akachokoachokoa mnofu kwa kidole, akatoa kingine cheusi. Akatoa cha tatu.

"Marisau," alisema Spoki polepole. "Ya risasi. Yako, baba. Yaliyokwisha mwaka jana."

"Yalikwisha."

"Yaliishia ndani ya gobore!" Spoki alisimama, kiti kikaanguka. "Nilisema lina kitu! Nilisema! Tukajaza juu ya mzigo mwingine!"

"Haiwezekani. Nilipima. Wewe mwenyewe uliona alama."

"Basi pima tena!"

Mzee Futi akaenda nyuma ya mlango, akarudi na mdeki. Akatoa futi mfukoni. Hata mezani hula nayo. Akapima. Akapima kuanzia upande wa pili, kana kwamba fimbo inaweza kuwa ndefu zaidi ikipimwa kutoka huko. Vidole vinne vilikuwa vimepungua. Ncha ya chini ilikuwa imekatwa kwa msumeno, safi kabisa, na ilikuwa na harufu ya nyama choma.

"Hiyo si fimbo yangu ya kuchomea nyama?" alisema binti yake. "Mbona mnaichezea mezani?"

"Fimbo yako ya nini?"

"Ya kuchomea nyama. Siku ile walipokuja wageni wako. Ilikuwa ndefu, mlango wa tanuri haufungi, nikaikata kidogo kwa msumeno wako. Na ukasema nyama imechomeka vizuri. Ukaongeza mara tatu!"

Mzee Futi alikaa chini pole pole. Miaka arobaini ya vipimo ikakaa naye.

"Kwa hiyo sikutia mara mbili," alisema Spoki.

"Hukutia."

"Na bata yupo. Watatu."

"Wapo," alisema mzee, halafu akachangamka kidogo, akaikumbuka chai na mkate. "Lakini sharti lilikuwa kutulia. Bila kuongea, bila kujikuna. Nani aliona kama ulitulia?"

"Si wewe ulikuwepo?"

"Mimi..." Mzee akaangalia sahani. "Mimi nilikuwa nimefumba macho. Nilikuwa nasikiliza."

"Ulikuwa unakoroma, baba! Wale ndege walikufuata wewe!"

Mkewe hakucheka, ingawa mdomo ulimpinda. Alimtazama mumewe: amesimama, matope hadi masikioni, bega limevimba, na kwa mara ya kwanza ule mguu wa kulia haukuwa ukicheza. Ulikuwa umekakamaa kama gogo.

"Mguu una nini?"

"Hauna kitu."

"Pandisha suruali."

Spoki akaona haya, akapandisha. Kuanzia kifundo mpaka juu ya goti palikuwa pekundu, vipele vimepangana kama mbegu za nyanya. Mkewe akainama, akachungulia kwa karibu, kama anavyochungulia mchele kutafuta mawe. Hapakuwa na alama ya ukucha hata moja.

"Siafu?"

"Siafu."

"Na hukujikuna."

"Ningejikunaje? Sharti."

"Muda gani?"

"Sijui. Nilihesabu mabati mpaka nikachoka."

Mkewe akavuta kigoda, akaketi mbele ya mguu ule. Halafu akachukua yale mafuta aliyoyaengua, akampaka mumewe mguuni, haraka haraka, kama anayepaka sufuria.

"Na paa?"

Hapo Spoki angeweza kudanganya. Alikuna kichwa.

"Matano yamepigwa misumari. Moja bado. Peke yangu ngazi inateleza."

Mkewe akasimama. Akafunika sufuria yenye nyama iliyobaki, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka kichwani. Akaingia ndani, akatoka na furushi la nguo ambalo, kwa jinsi lilivyofungwa, halikuwa limefungwa dakika ile.

"Mwanangu," alisema Mzee Futi, sauti imekuwa nyembamba, "na mimi nitakula nini?"

"Kuna bata mmoja sijampika, baba. Msafi, yupo kwenye beseni. Saa mbili, moto mdogo, usifunue funue." Akauchukua mdeki mkononi mwa baba yake, akaupima kwa macho, akaubana kwapani. "Hii naichukua. Wewe chonga mwingine, ila alama weka mbili, ukikatwa tena ujue."

Kisha akamgeukia mumewe. "Ngazi nitakushikia mimi. Ukishuka kabla ya msumari wa mwisho, usinifuate tena."

Akageuka, sufuria haikutikisika, akatoka getini akashika njia ya nyumbani kwa Spoki, bila kutazama nyuma kama anafuatwa.