Robo Tatu Amsake Robo

Hesabu za sehemu ziliwalaza watoto wa darasa la tano, hapa kwetu kisiwani Vava'u, kuliko mahubiri ya mchana. Hata mimi nilisinzia, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Ndipo nikabuni mchezo: kila mtoto kadi kifuani, nikipiga filimbi, robo tatu amsake robo, theluthi mbili amsake theluthi. Wakitimiza kizima, washikane mikono na kukimbilia mstarini.

"We unafundisha au unafukuza kuku?" alinitania Uaisele, mwalimu wa darasa la nne, aliyetoka Tongatapu, kisiwa kikuu.

Sote wawili tulikuwa walimu wa muda, na nafasi ya kudumu ilikuwa moja tu. Atakayeikosa, akalime viazi vikuu kwao. Lakini tuliishi nyumba moja, tukila chungu kimoja, kwa hiyo nilimfunulia siri: kazi yote iko kwenye kugawa kadi. Kwa mila za huku kwetu, kaka na dada wakishaanza kukua hawashikani mikono, na binamu ni kaka na dada vilevile.

"Kalolaine na Sosefo, mama zao ni ndugu," nilimwambia. "Usiwape kadi zinazokamilishana."

"Kumbe una akili, ndugu yangu! Sura ndiyo inakuangusha."

Siku mkaguzi wa shule alipokuja kuutazama mchezo, wazazi waliketi nyuma wamejifunga mikeka yao ya heshima kiunoni. Uaisele akaninong'oneza, "Wewe kamsalimie mkubwa. Kadi nitagawa mimi."

Nikamshukuru. Hebu fikiria, nilimshukuru!

Nikapiga filimbi. Vurumai tamu! Mkaguzi alicheka mpaka kitambi kikatikisika. Kisha kelele zikafifia. Katikati ya darasa walibaki wawili: Kalolaine na robo tatu, Sosefo na robo. Sosefo aliinamia vidole vyake vya miguu. Kalolaine akajifunika uso, akatoka mbio.

Mama yake akainuka. "Mwalimu, haya ndiyo unayowafundisha wanetu?"

Mkaguzi hakuwa anacheka tena. Nikamtafuta Uaisele kwa macho. Alikuwa anachunguza kucha zake.

Wiki iliyofuata nafasi akapewa yeye, pamoja na darasa langu. Alikuwa amemwambia mwalimu mkuu kwamba mchezo ni mzuri, ila unataka mtu mwenye adabu.

Nilikuwa nafunga mizigo aliponijia.

"Kadi zilichanganyika tu, bwana."

"Zilijichanganya zenyewe?"

"Aa, si wewe mtu wa mizaha?"

Nikakaza kamba ya mzigo.

Akakaa kwenye mkeka wangu, akakohoa. "Sasa… wengine wasiotakiwa kushikana ni nani na nani? Mimi koo za huku sizijui."

Ningeweza kunyamaza, naye aje kuumbuka mbele ya wazazi walewale. Lakini ingebidi mtoto mwingine ajifunike uso kwanza.

Nikamtajia wote, mmoja mmoja, bila kumtazama. Alipoondoka hakuniaga.