Fungu la Kwanza la Senene

Leonsia hakuwa na kitanda cha kwake, wala sufuria, wala jino la juu upande wa kushoto. Hakuwa na simu. Mumewe, Renatus, aliipasua ukutani. Na katika nyumba ile ya Nyegezi iliyohifadhi wanawake waliokimbia vipigo, hakuwapo hata mmoja aliyejua kwao Muleba hunukia vipi jioni kahawa ikichemshwa na majani.

Kula alikula. Cherehani alifundishwa, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Kilichomkondesha ni nyumbani. Alitamani kurudi kwa mama yake, lakini mara mbili alizokimbilia huko mama alimfungia mzigo na kumrudisha Geita kwa mumewe. "Kwako ni kule, mwanangu. Hapa unatembea tu."

Novemba senene, wale panzi wa kuliwa, wakaja. Wanawake wakakaa uani asubuhi kuwanyonyoa mabawa na miguu. Leonsia akawakaanga, akachagua walionona, akawafunga kwenye jani la mgomba na kuwaweka kando.

"Hao wa nani, dada?" aliuliza Masalu, mwanamke wa Kisukuma asiyejua kunyamaza.

"Wa mzee," Leonsia akajibu bila kuinua uso.

"Mzee yupi? Yule mng'oa meno?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Leonsia naye akacheka, kisha machozi yakamshinda. Kwao Wahaya, fungu la kwanza la senene ni la mume. Mke haonji kabla hajampa. Kila msimu alimpelekea Renatus, hata ule msimu aliofunga jani kwa mkono mmoja kwa kuwa wa pili Renatus mwenyewe alikuwa ameuvunja.

"Basi nipe mimi, nikuoe," Masalu akasema taratibu, akimpangusa shavu.

"Wewe Msukuma? Si utawatema!"

Mchana Leonsia akamfuata Mama Getruda, msimamizi wa nyumba, akamwomba karatasi ya kumwandikia mama yake.

"Andika, mwanangu, ila usitaje nyumba hii. Akujibu kwa sanduku la posta la parokia."

Akaandika: "Mama, shikamoo. Mimi ni mzima. Senene wa kwanza wa mwaka huu sikumpa Renatus, wala sitampa tena. Nimekuletea wewe. Ukiwala, nitajua umenipokea. Ukishindwa, wape kuku, lakini niandikie. Nataka kuja Krismasi, na siji kutembea, nakuja kukaa. Hata usingizini nasikia unafagia uwanja. Mwanao, Leonsia."

Alisoma mara ya pili. Alitaka kufuta habari ya kuku, akaiacha. Akalamba gundi, akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika. Kesho yake, stendi ya Nyegezi, akamkabidhi kondakta wa basi la Bukoba bahasha pamoja na wale senene wa jani, sasa kwenye kopo. Njia ilikuwa ya darajani Busisi, kisha kupita Geita kwa Renatus, ndipo Muleba kwa mama. Akasimama palepale mpaka basi likatoka getini.