Korongo Arobaini na Wawili wa Kwenye Karatasi

Nianze na kosa langu, maana wakubwa hawatayasema ya kwao. Kwa miaka sita mimi ndiye niliyechapa kwamba kinamasi chetu kina korongo taji arobaini na wawili. Sikuwahesabu. Nilichukua ripoti ya mwaka uliopita, nikabadilisha mwaka kwenye jalada, nikaipeleka kwa Bwana Saini.

Bwana Saini ni mkuu wa ofisi yetu ya wanyamapori. Jina hilo tulimpa sisi makarani, kwa sababu ukimwekea karatasi mezani anasaini huku anaongea na simu, huku anakoroga chai. Hasomi. Anachotaka ni mstari wa saini uonekane vizuri na karatasi isiwe na mikunjo.

Aliyekuwa akiwahesabu korongo kwa macho yake ni kaka yangu, askari anayelinda kinamasi hicho peke yake na buti zilizopasuka visigino. Kila mwisho wa mwaka huingia kwenye matete asubuhi tatu mfululizo, akahesabu, akaandika kwa kalamu. Karatasi yake ni lazima ipitie ofisi ya wilaya kupata mhuri, na huko hulala miezi miwili. Ripoti yetu haisubiri. Mwaka wa kwanza nilipouliza, Bwana Saini alinijibu, "Hesabu ya mwaka huu haijafika, weka ya mwaka jana. Ikija mpya utarekebisha." Ilipokuja, ripoti ilikuwa imeshakwenda wizarani. Nikaigonga mhuri wa "Imepokelewa", nikaitia kwenye faili, nikajitia hamnazo. Mwaka uliofuata ikawa vilevile.

Siku moja kaka akaingia masjala na matope yake, mkononi ana barua. Alikuwa ameiomba wizara ikitangaze kinamasi kuwa hifadhi kabla ya watu wa mashamba makubwa kuja kukikausha.

"Mdogo wangu, hebu nisomee hapa," alisema, ingawa kusoma anajua vizuri kuliko mimi.

Nikasoma. Ombi lilikuwa limekataliwa. Takwimu, ilisema barua, zinaonyesha korongo ni arobaini na wawili na hawajapungua kwa miaka sita, kwa hiyo hakuna dharura.

"Mwaka juzi niliandika kumi na watano," kaka alisema. "Mwaka jana tisa. Hao arobaini na wawili kawaona nani?"

Nikamwambia ukweli wote, kuanzia mwanzo. Hakunifokea. Afadhali angenifokea, kuliko vile alivyoikunja ile barua polepole na kuirudisha mfukoni.

Siku hiyohiyo nikachapa upya ukurasa wa ripoti, nikaweka tisa, nikaupeleka kwa Bwana Saini na kumweleza kilichobadilika. Kwa mara ya kwanza nilimwona akisoma.

"Tisa? Unataka niulizwe ndege thelathini na watatu wamekwenda wapi?"

"Si ndiyo tuulizwe, bosi?"

"Wewe mama, kazi umeichoka? Rudisha ilivyokuwa."

Damu ilinichemka. Mtu mzima, kiti cha kuzunguka, gari la serikali mlangoni, nyuma yake ukutani picha ya korongo kubwa kama mlango, halafu anaogopa swali moja! Ndege hawakuwa na mwingine wa kuwasemea. Sisi ndio tuliokuwa tukilipwa kuwasemea.

Wiki ya tatu baada ya hapo matingatinga yakafika. Kaka alisimama katikati ya njia na kitambulisho chake, dereva wa mbele akamwonyesha kibali. Kilikuwa kimetoka ofisini kwetu. Aliponipigia simu hakuhitaji kuniambia kimesainiwa na nani. Wakachimba mitaro, maji yakaondoka, matete wakayachoma moto.

Miezi michache baadaye gazeti likatoa picha ya kinamasi kikavu, nyufa tupu, na wizara ikataka maelezo. Bwana Saini akaniita nije na daftari.

"Andika barua kwa yule askari," alisema. "Ajieleze ndani ya siku saba, korongo arobaini na wawili waliokuwa chini ya ulinzi wake wako wapi. Asipokuwa na jibu, hana kazi. Najua ni kaka yako, lakini haya ni mambo ya ofisi."

Yaani amtoe kafara mtu pekee aliyekuwa akihesabu! Nilirudi mezani kwangu. Nikafungua kabati, nikatoa karatasi sita za kaka, kila moja na mhuri wangu na tarehe yake. Kisha nikachapa barua, si kwa kaka, bali kwa wizara:

"Korongo arobaini na wawili hawakuwepo. Kila mwaka ofisi yangu ilipokea hesabu ya kweli ikaifungia kabatini, na karani wangu akachapa ya uongo kwa agizo langu. Kibali cha kukausha kinamasi nilikitoa mimi. Askari hana kosa."

Nikainyoosha barua vizuri, mstari wa saini ukaonekana. Bwana Saini alikuwa kwenye simu anacheka na mtu. Akasaini, akaendelea kukoroga chai.

Niliipeleka wizarani kwa mkono wangu, na zile karatasi sita zikiwa zimebanwa nyuma yake. Sikuondoka dirishani mpaka waliponigongea mhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Najua na mimi nitaitwa kujieleza. Niitwe tu.

Nikampigia kaka pale pale kwenye ngazi, nikamsimulia habari ya barua yote. Nilidhani ataangua kicheko. Nilisikia upepo tu upande wake.

"Kaka, umesikia? Kazi yako imepona."

"Nimesikia. Asante. Leo ilikuwa asubuhi yangu ya tatu. Nimemaliza kuhesabu."

Nilikuwa nimesahau kwamba mwaka umefika mwisho. "Wangapi?"

"Sifuri," kaka alisema. "Safari hii, mdogo wangu, iandike."