Betri Iliyokataa Kupungua

Jina la Mzee Stoo alilipatia kwenye kiwanda cha sabuni, alikotunza funguo za ghala mpaka mvi zikamtoka. Alistaafu, lakini kazi hakuiacha; aliihamishia nyumbani tu. Sukari aliijua imefikia wapi, sabuni aliijua imebaki kipande gani. Binti yao alipowawekea paneli za sola juu ya paa, umeme nao ukawa mali ya stoo.

"Mama watoto," alimwambia mkewe, "mchana hakuna kuchomeka kitu. Betri ishibe kwanza. Usiku ndipo tutatumia."

Wakati wa mawingu amri hiyo haikumsumbua mtu. Kisha kiangazi kikaingia, jua likaanza kuchoma mabati tangu asubuhi, na nyumba ikawa tanuri. Hata hivyo friji ilizimwa kila kulipokucha, feni ikasimama kama imenuna, na nguo zikanyooshwa kwa pasi ya mkaa. Mzee Stoo alivaa kofia yake, akaenda kucheza drafti na wastaafu wenzake nyuma ya gereji, roho imetulia kwa kuwa stoo imefungwa.

Mambo yalianzia kwenye shati. Jioni moja alifungua kabati akakuta shati lake jeupe limenyooshwa, mkunjo wa mkono umesimama kama umechorwa kwa rula. Akaenda jikoni. Pasi ya mkaa ilikuwa pembeni, buibui ameshajenga mlangoni mwake. Akakimbilia kwenye inveta, kile kisanduku cha umeme wa sola kilichotundikwa ukutani, akakodolea macho kioo chake kidogo. Mia kwa mia. Betri imejaa pomoni.

"Nani kanyoosha shati langu?"

Mkewe alikuwa akichambua mchele. Hakuinua hata uso. "Si wewe mwenyewe?"

Mzee akacheka kidogo, akangoja na mwenzake acheke. Hakucheka.

Baada ya hapo ikawa kama nyumba inamfanyia mzaha. Tangi la juu, ambalo halijai bila pampu, likakutwa limejaa hadi linatiririka ukutani. Maji ya kunywa yakamgandisha meno. Mashuka yakawa yananukia sabuni, na mikono ya mkewe haina dalili ya kufua. Kila mara alikwenda mbio kwenye inveta, na kila mara ilimwambia lile lile: mia. Miaka yote ya ghalani hakuwahi kuona boksi likitoka mlangoni na rafu ikabaki imejaa. Kwa hiyo umeme haukuguswa. Lakini shati limenyooshwa! Akaligeuza jambo hilo huku na huku mpaka kichwa kikamgonga.

Ndipo akamkumbuka kaka yake mkubwa, na baridi ikampanda mgongoni katika joto lile lote. Kaka alianza hivi hivi. Alikuta chai kikombeni, akauliza ni nani aliyeipika, na huku kijiko bado anacho mkononi. Siku hizi alikuwa akilelewa na bintiye, naye alimwita binti huyo dada.

Mzee Stoo akaanza kujipima kimya kimya. Kitandani alipanga upya rafu za ghala: magadi hapa, mafuta pale, manukato juu, mbali na moto. Zote zilikuwepo. Ila lile jibu la "si wewe mwenyewe" lilimrudia. Huenda kweli alinyoosha. Huenda aliwasha pampu kwa mkono wake, akakaa, akasahau. Kwenye drafti alisukuma kete ya mpinzani wake, wenzake wakaangua kicheko, naye akainuka jasho likimtoka, akaaga kwamba tumbo linamsumbua.

Hivyo alifika nyumbani jua likiwa utosini, saa ambayo hakuzoea kurudi. Mlangoni akasikia mngurumo. Mashine ya kufulia ilikuwa ikizunguka, feni ikipepea, na mkewe amesimama mezani na pasi ya umeme, akiimba chini chini.

Akashika fremu ya mlango.

"Mama watoto," alisema, "haya mambo niliwahi kuyakataza, au niliota?"

Mkewe akaruka. "Yarabi! Leo umenifuma!" Akaanza kucheka, kisha akauona uso wa mumewe. Kicheko kikamfia mdomoni. Akaiweka pasi chini. "Baba watoto, una nini?"

"Nadhani nimeanza kama kaka." Akakaa kwenye kiti cha karibu. "Nakuta vitu vimefanyika. Nimevifanya mimi, wala sikumbuki."

Mkewe akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. "Hujafanya chochote. Ni mimi. Nilisema utani tu, nikajua utanigombeza, tutacheka, yataisha. Sikujua unaubeba kichwani. Nisamehe, mume wangu."

Machozi yalimlenga Mzee, na hasira pia, na nafuu kubwa kuliko vyote. Hakujua aanze na kipi. Akaanza na kile alichokielewa.

"Mwongo. Ungekuwa wewe, betri ingepungua."

"Njoo uone."

Wakaenda kwenye inveta. Mashine inazunguka, feni inapepea, pasi ina moto. Kioo kinasema mia.

"Kimeharibika," alisema Mzee.

"Hakijaharibika. Siku moja niliisahau pasi kwenye soketi, nikajua leo nimekwisha. Kuja kuangalia, betri haijashuka hata kidogo. Kipindi hiki betri inajaa kabla hujafika kwenye drafti yako. Baada ya hapo jua linaleta umeme, na hauna pa kukaa. Ukiutumia, unakula ule unaoingia. Usipoutumia, unapotea. Ila jua likizama nachomoa kila kitu, nakuachia betri yako."

"Unapotea unakwenda wapi?"

"Mimi nitajuaje? Haupo tu."

Mzee Stoo akashika kiuno. Kiangazi chote mali imekuwa ikifika getini na yeye anairudisha! Na bado akili ilimgomea: kitu kinatoka, na hakipungui. Akainama, akakigonga kioo kwa ukucha.

"Na mawingu yakirudi?"

"Tutabana kama kawaida yako. Sasa njoo unishikie shuka hili, tulikunje."

Akashika ncha mbili, mkewe akashika mbili. Walipokuwa wakilinyoosha, shingo yake ilikuwa imegeukia ukutani.

"Vuta basi, baba watoto."

"Bado ni mia," alisema Mzee.