Mizunguko Thelathini na Mitatu

Sindano ilikuwa imeshashuka juu ya santuri. Zainab alikuwa ameketi kwenye kochi mkabala nami, mikono mapajani, mtandio umeteleza hadi mabegani. Bintiye Abeer alisimama kando ya gramafoni kama mtu anayetaka kuizima. Mimi nilikazia macho zulia. Haya nilijitakia mwenyewe.

Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa bado mtu mwenye jina.

Abeer alikuwa amenipigia simu wiki iliyotangulia. Kampuni moja ya Ujerumani ilikuwa inaitoa upya albamu ya Stima, bendi ya roki ambayo mamake aliiimbia mwaka wa themanini na sita. Wahakiki wa huko wanaimwagia sifa, wanashangaa sintesaiza kama zile zilipigwaje Nairobi, na nani, na kwa nini hawakusikika tena. Alitaka nije kwenye uzinduzi mjini, nisome jukwaani uhakiki wangu wa zamani.

"Uncle Kuria, hiyo kitu uliandika ilikuwa kali," alisema akicheka. "Watu watacheka, halafu tunawawekea ngoma wajisikilizie. Mum amekubali."

Sikucheka. Uhakiki huo naukumbuka neno kwa neno. Enzi hizo nilikuwa na ukurasa wa muziki katika gazeti la Jumamosi, na nilijisikia, sifichi. Stima waliniletea santuri ya majaribio, lebo yake nyeupe tupu, bila jina wala maelezo. Niliiweka kwenye gramafoni ya ofisi kwa mwendo wa santuri zote kubwa, mizunguko thelathini na mitatu kwa dakika, nikawasha sigara. Sintesaiza zilijikokota. Ngoma za mashine zilipiga kama mzee anayeshuka ngazi na magoti yanamuuma. Juu yake kulikuwa na sauti nzito, ya kuvuta. Niliandika kwamba huyu bwana anayeimba aende kwanza akalale, na akiamka atafute kazi ya kuita wanunuzi wa nyama kwenye machinjio ya Dagoretti. Mhariri alicheka hadi akapangusa miwani.

Huyu bwana alikuwa Zainab, msichana wa miaka ishirini na miwili, aliyemsihi babake mwaka mzima ndipo akaruhusiwa kuimba. Jumatatu yake watu walianza kupiga simu katika duka la vitambaa la babake wakimuulizia Bwana Zainab. Wenzake wa bendi walidhani nimemkejeli makusudi. Yeye aliniamini. Alijisikiliza kwenye santuri yake mwenyewe mpaka akaanza kumsikia yule bwana, na hakuimba tena.

Siku tisa baada ya uhakiki kutoka, santuri zenyewe zilifika madukani. Pembeni mwa lebo, kwa herufi ndogo, palikuwa na maelezo: mizunguko arobaini na mitano. Walikuwa wameitengeneza kwa mwendo wa kasi ili sauti itoke safi. Niliicheza peke yangu kwa mwendo huo, mlango nimeufunga. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno, na sauti ile, niliyoifanya nzito mwenyewe kwa kuicheza polepole, ilikuwa nyepesi, ya msichana anayeimba kwa furaha. Mistari mitatu tu ya masahihisho ingetosha. Nikaogopa kuchekwa, nikanyamaza miaka thelathini na tisa.

Ndiyo maana siku tatu kabla ya uzinduzi nilikwenda nyumbani kwa Zainab, mtaa wa Woodley, nikamweleza yote kabla chai haijapoa. Abeer aliweka simu yake mezani taratibu.

"Uncle, unasema hukuwahi kuisikia?"

"Niliisikia vibaya. Kisha nikaisikia vizuri, nikanyamaza."

Nilingoja nifukuzwe, na ningeondoka bila kinyongo. Zainab alimgeukia bintiye.

"Iweke kama alivyoisikia yeye."

Basi tukasikiliza. Sintesaiza zilijikokota vilevile. Yule bwana akaanza kuimba, nami nikatamani sakafu inimeze. Ndipo nikasikia sauti ya pili chumbani, nikadhani santuri ina kasoro. Nilipoinua macho niliona ni Zainab. Alikuwa anaimba, macho kayafumba, kwa sauti yake ya sasa ya miaka sitini na mmoja, iliyoshuka kama zinavyoshuka sauti zetu sote. Ililingana na ile ya santuri toka neno la kwanza hadi la mwisho. Abeer alijifuta machozi kwa kiganja.

Wimbo ulipokwisha, Zainab alifumbua macho.

"Si mbaya, huyu bwana," alisema. "Na mimi nilivyomkimbia." Alinyoosha mtandio wake. "Jumamosi utakuja, Bwana Kuria. Utasoma ulichoandika. Kisha utasema ulichokinyamazia, mbele ya watu."

Nilimwambia nitakuja. Sikuuliza kama amenisamehe, naye hakuligusia.

Aliinuka mwenyewe, akabadilisha mwendo wa gramafoni, akarudisha sindano mwanzo. Sasa sintesaiza zilichanganya kasi, na msichana wa miaka ishirini na miwili akaingia akiimba, juu kabisa, bila shida yoyote. Zainab alisimama palepale kando ya gramafoni. Kiitikio kilipofika alifungua mdomo, akavuta pumzi, kisha akaufunga, akaendelea kusikiliza.