Mwisho wa Nyumba ya Mvua

Kathini alikuwa amesimama mbele ya meza ndefu ya kuchambulia bamia, nje kidogo ya mji wa Kibwezi, akitupa zilizopinda kwenye ndoo na kupanga zilizonyooka kwenye katoni, simu ilipotikisika mfukoni mwa aproni. Alijipangusa mikono. Ulikuwa ujumbe wa Kavindu, binti ya shangazi yake, kwenye kikundi cha familia: "Nyumba ya Mvua imerudi. Kwa ile TV kuukuu ya mama. Kila Jumamosi saa kumi. Wiki ijayo ni ya mwisho, anayetaka kuona aje."

Chini yake Mbuvi, kaka yake Kavindu mwenye duka la mabati kule Malili, alikuwa ameuliza kama picha inaonekana vizuri. Kavindu alijibu kwamba kuna chenga kidogo upande wa juu, lakini sauti ni safi. Hakuna aliyeuliza lingine.

Televisheni hiyo ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, na haikuwa imeonyesha chochote tangu mitambo ya zamani ya matangazo ilipozimwa nchini kote. Panya walikuwa wamekula waya wake. Shangazi aliifunika kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake maua ya plastiki. Ilipoanza kuonyesha tena, aliyahamishia maua dirishani, akaendelea na shughuli zake.

Kathini aliomba ruhusa ya Jumamosi. Msimamizi wake alimuuliza kama kuna matanga nyumbani. Alisema hapana, ni kipindi cha watoto. Msimamizi alisema yeye pia alikipenda sana zamani, hasa yule fisi, akamruhusu.

Katika kipindi hicho, ajuza aliyeitwa Bibi Korongo alikuwa ameiba mvua yote ya bonde na kuifungia kwenye vyungu. Aliiba pia mtoto wa kike, Tindi, awe akimpangusia vyungu hivyo. Kila wiki Fisi wa Koti alikuja kwa kunyata kumtorosha mtoto, na kila wiki walikaribia mlango. Watoto wa upande ule wote wa Mbooni walijazana sebuleni kwa shangazi kutazama, televisheni ikivuta nguvu kutoka kwa betri ya gari, nao waliporudi makwao walicheza fisi na ajuza hadi walipoitwa kula.

Kathini hakuwahi kuona kilichotokea mlangoni. Alichukuliwa na shangazi yake baada ya mama yake kufariki. Alikuwa amepewa jina la nyanya yake, aliyemzaa shangazi, na kwa hivyo, kama ilivyo desturi ya Wakamba, shangazi hakumwita Kathini. Alimwita Mwaitu, yaani mama yetu. Majirani waliona ni heshima kubwa kwa mtoto yatima.

"Mwaitu, chukua mtungi," shangazi alisema kila Jumamosi, mara tu Fisi wa Koti alipoinua mguu wa kwanza. "Mwaitu, giza litakukuta huko chini."

Mto ulikuwa bondeni na njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda kwa magoti. Alipofika nyumbani skrini ilikuwa nyeusi, na binamu zake wamejinyoosha mkekani wakitafuna karanga.

"Alitoka?" aliuliza.

"Ungekuwepo ungeona," Mbuvi alisema.

Hata siku ya kipindi cha mwisho kabisa alikuwa mtoni. Aliuliza alipokuwa kidato cha nne, akauliza tena kwenye harusi ya Kavindu. Kavindu alimwambia mtoto aliondoka amepanda mgongo wa fisi. Mbuvi alimwambia aliruka dirishani akavunjika shingo. Wengine wangelisahau jambo kama hilo, lakini Kathini hakulisahau. Alipanga nyumba, alijifunza kazi, alizika mchumba, na katikati ya yote hayo alitaka kujua kama mtoto yule alitoka.

Jumamosi ilipofika, boda boda ilimshusha langoni kwa shangazi saa tisa. Alikuwa amebeba sukari, unga na mkate. Shangazi aliupokea mkate, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Huu umekaliwa na nani, Mwaitu?"

"Ni safari, shangazi."

"Safari imekalia mkate."

Mbuvi alikuwa amekwisha kukaa kwenye kochi kubwa, viatu vikiwa miguuni. Alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Malkia wa bamia amefika," alisema. "Kwani huko Kibwezi hakuna mafuta ya kujipaka?"

"Mwache," Kavindu alisema. "Jua la huko linapika hata mawe." Kisha akavuta mkoba wake akauweka kwenye kiti kilichobaki, Kathini akakaa kwenye kigoda kando ya mlango.

Saa kumi televisheni iliwaka. Wimbo ulipigwa, vyungu vikaonekana vimepangwa kwenye rafu, mvua ikinguruma ndani yake kama maharagwe yanayochemka. Bibi Korongo alipita akivihesabu kwa fimbo. Tindi alikuwa amepiga magoti na kitambaa chake cha kupangusia. Hakuwa ameongeza umri hata kwa siku moja. Kathini alishangaa kidogo tu kuona jinsi alivyokuwa mdogo. Enzi zile alimwona kama dada mkubwa.

Fisi wa Koti aliingia kwa mlango wa nyuma. Aliinua mguu wa kwanza.

"Mwaitu," shangazi alisema bila kugeuza uso kutoka kwa skrini, "hakuna maji ya chai. Mfereji wa mradi wa maji ulikauka tangu mwaka jana. Mtungi uko pale pale."

"Shangazi, nimekuja kuona mwisho."

"Na nani amekukataza kuona? Nenda urudi, uone."

"Acha niende kikiisha."

"Kikiisha tutakuwa tunasubiri chai? Hawa ni wageni, wametoka mbali."

"Mimi pia nimetoka mbali."

"Wewe si mgeni," shangazi alisema. "Wewe ni wa hapa."

Mbuvi alimwambia aache maneno, anawaharibia kipindi. Kathini aliweka mikono magotini. Alijiambia kwamba hataenda. Alikuwa mtu mzima, alikuwa na funguo za nyumba yake mfukoni. Lakini miguu ilikuwa imezoea, na alipokuja kujijua alikuwa amesimama kizingitini na mtungi mkononi, mgongo wake ukiwa umeelekea skrini.

Nyuma yake sauti ndogo ilisema, "Mama anaenda tena."

"Basi mfuate," Fisi wa Koti alijibu. "Mimi nitamshikilia ajuza."

Tindi aliweka kitambaa chini. Alikuja mbele hadi uso wake ukajaa kioo, akapitisha mguu mmoja nje, kisha wa pili, akashuka kwa kushikilia ukingo wa meza. Alikuwa wa rangi ya kijivu kutoka nywele hadi vidole, na gauni lake lilikuwa likidondosha maji ya mvua.

"Zulia," shangazi alisema.

Kavindu aliinua miguu yake ili mtoto apite.

Tindi alienda moja kwa moja hadi mlangoni, akamshika Kathini kwa upindo wa sketi. "Mama," alisema, "nilikungojea urudi kutoka mtoni."

Alieleza bila haraka. Ndani kule kila kitu cha nje kilisikika. Kila mara alipofika karibu na mlango na fisi wake, alimsikia mtu akimwambia mama achukue mtungi. Alijua basi kwamba mama yake yuko nje, ameenda kuteka maji, na mtoto mwenye adabu haondoki nyumbani mama akiwa mtoni. Alirudi kwenye vyungu akasubiri. Bibi Korongo hakuhitaji hata kufunga kwa ufunguo.

"Hivi ndivyo ilivyoisha?" Kathini aliwauliza binamu zake.

Mbuvi alijikuna shingo. "Sisi tungejua wapi? Siku ile betri iliisha fisi akiwa bado jikoni."

"Mliniambia mliona."

"Tungekuambia nini?" Kavindu alisema. "Ulikuwa unatuuliza na macho hayo yako, utafikiri tumekuibia."

Kwenye skrini Bibi Korongo alikuwa amemsukuma fisi nje, na sasa alifagia pale mtoto alipokuwa amepiga magoti. Kisha picha ilikatika. Shangazi aliinuka, akarudisha kitambaa cha kufuma juu ya televisheni, akachukua maua kutoka dirishani. Halafu akamgeukia mtoto. Alimshika mkono wa juu, akaupima kwa vidole.

"Huyu anaweza mtungi wa lita kumi," alisema.

"Naondoka naye," Kathini alisema.

"Na nani?"

"Naondoka na mtoto, shangazi. Nina chumba. Shule iko hapo karibu."

"Ametoka kwa TV yangu."

"TV haina hata waya."

"Basi ametoka kwa meza yangu. Meza pia ni yako?"

Kathini alimvuta mtoto kando yake. "Ameniita mama."

"Hata mimi nakuita mama," shangazi alisema. "Nimekuita mama tangu ukiwa na makamasi. Ulininyonyesha lini?"

Mbuvi alicheka hadi akakohoa. Kavindu alisema kwamba, kusema ukweli, mama anazeeka na anahitaji mtu wa mkono, na wao wana kazi zao. Ikiwa mtoto ameletwa hadi mlangoni na Mungu, kwa nini apelekwe kwenye joto la Kibwezi?  Kathini alimshika Tindi mkono wakatoka uani.

Mwenye boda boda alikuwa bado langoni, akipiga soga na jirani. Alimtazama mtoto wa kijivu, akasema mtoto halipi akikaa mbele kwenye tangi. Kathini alifungua lango. Hatua chache nje ya ua, mkono aliokuwa ameushika ulianza kuwa mwepesi. Alitazama chini. Chenga zilikuwa zimempanda Tindi kutoka miguuni hadi kifuani, na uso ulikuwa ukipasuka na kuungana kama picha ya TV siku ya upepo. Mtoto alikuwa akisema kitu, lakini kilichosikika ni mkwaruzo tu.

Kathini alimrudisha ndani ya lango haraka. Uso ulitulia. Alijaribu kwa upande wa shamba la maharagwe, kisha nyuma ya choo, na kila mahali ilikuwa hivyo hivyo. Antena ilikuwa juu ya mti mrefu wa mkaratusi ambao marehemu mume wa shangazi aliusimika ukingoni mwa ua, ikielekea bondeni. Upande wa bondeni tu ndiko mtoto alikoendelea kuonekana vizuri, hadi chini kabisa kwenye maji.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni wakati huo wote, akimenya ndizi mbichi.

"Si umeona?" alisema. "Wa hapa ni wa hapa. Sasa mtungi, kabla giza halijawakuta."

Walishuka pamoja, kila mmoja na mtungi wake, wa mtoto ukiwa mdogo. Njiani Tindi aligusa kila kitu, majani ya mparachichi, udongo mwekundu, kinyesi kikavu cha ng'ombe, akaomba kuambiwa rangi zake. Kathini alimwambia. Mtoni mtoto alitazama maji yasiyokuwa kwenye chungu. Alisema ni mazuri. Kathini alisema ndiyo, ni mazuri.

Walijaza mitungi miwili. Kathini alifunga ukanda wa ngozi kwenye mtungi mdogo, akavua kilemba chake, akakikunja mara nne.

"Hiki unaweka hapa kwenye paji la uso, chini ya ukanda," alisema. "Bila hivyo ngozi itachimbika. Shangazi atakuambia ni cha kupigia deki, usimpe. Ficha nyuma ya pipa la mahindi."

"Wewe utarudi lini?"

"Jumamosi mbili kwa mwezi, nikipewa ruhusa."

"Halafu tutatoka?"

Kathini alipiga goti, akaupandisha mtungi kwenye mgongo mdogo wa kijivu, akaurekebisha ukanda hadi uzito ukakaa sawa. Mtoto aliyumba, kisha akasimama imara.

"Njiani kuna mawe mawili ya kupumzikia," Kathini alisema. "La juu ni zuri, lina kivuli, lakini linaonekana kutoka jikoni. Wewe kaa kwenye la chini."

Tindi aliitikia kwa kichwa, akatangulia kupanda.