Kona ya Chai

Nilimkuta Baba jikoni, amekalia debe lililopinduliwa, uso ameuelekeza ukutani kama mtu anayesubiri ukuta umjibu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka wa tisini na nne, nyumbani kwetu mtaa wa Majimbo, mjini Embu. Katika miaka yangu yote ishirini na miwili sikuwa nimewahi kumwona amekaa jikoni. Alikuwa akipita tu kuchukua maji ya kuoga, mbiombio, kama mtu anayekatiza shamba la wenyewe.

"Mama," akaniita. Nilipewa jina la mama yake, Igoki, kwa hiyo hakuniita vingine maishani. "Hapa dirishani jua linaingia saa ngapi?"

"Saa moja hivi. Kwani?"

"Nataka kuweka kona."

Akatoa mfukoni ukurasa aliouchana kwenye gazeti kuukuu la picha. Familia ya Kizungu ilikuwa imebanana kwenye benchi chini ya dirisha la jikoni ikinywa chai: mito ya maua, pazia fupi, na watu wote wakicheka kana kwamba mkate umetoka kusema jambo.

"Kona ya chai ya asubuhi," Baba akasema. "Watu wanaona jua wakikunywa."

Baba yangu, Misheck Njeru, alikuwa mkaguzi wa mita za maji, na mambo aliyoyapenda ni yale yanayonyooka kama bomba. Mama alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo alikunywa chai yake sebuleni peke yake, redio ikimsomea habari. Kisha mwishoni mwa mwaka uliotangulia mita moja ilimwangukia kwenye kidole cha mguu, akapelekwa hospitali, na nesi mmoja wa zamu ya usiku akamfunga bandeji. Kidole kilipona. Safari za kwenda kubadilishwa bandeji ndizo hazikupona. Nesi huyo aliitwa Lenah, mjane kutoka Mikinduri, kule Meru, na kwa kuwa alifanya kazi usiku na kulala mchana, saa yake ya kuonana na watu ilikuwa ile ya chai ya asubuhi.

Haya yote niliyajua. Baba hakuwa ameniambia hata neno moja.

Pembe aliyoichagua ndiyo Mama alipokuwa akiweka gunia la mahindi, na juu yake kulikuwa bado na kalenda ya mwaka aliofariki, imefunguliwa Agosti. Baba alihamisha gunia, akafagia, akasimama mbele ya kalenda, halafu akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli dukani. Nikaitoa mwenyewe. Chini yake ukuta ulikuwa mweupe, mraba safi ambao moshi haukuufikia. Nilikaa juu ya gunia, nikalia kidogo, nikapenga kamasi, nikaenda kutafuta brashi.

Rangi aliyoitaka ilikuwa ya siagi. Ile aliyonunua haikutosha, naye akaiongezea kijani kilichobaki tulipopaka lango. Ukuta ulipokauka ulikuwa na rangi kamili ya mukimo, viazi vilivyopondwa na majani. Baba alirudi nyuma, akautazama kwa muda, akasema hiyo hasa ndiyo rangi aliyokuwa akiifikiria.

Nikakata godoro la zamani kwa kisu cha mkate, nikashona mito ya kitambaa cha alizeti. Nikatandika mezani nailoni yenye maua, nikavisha mkebe wa mafuta ya kupikia karatasi ya kung'aa, nikautia waridi za plastiki, maana waridi za kweli zisingevumilia stovu ya mafuta ya taa. Kinoti, fundi wetu wa mbao, alitengeneza mabenchi mawili yanayotazamana na meza katikati, vyote vimekazwa sakafuni kwa boliti. Vipimo vilitoka kwetu. Baba alikaa upande huu, mimi upande ule, wote wawili wembamba kama miwa, na Kinoti akapiga alama kwa penseli.

"Na mgeni, mzee?" akauliza. "Naye tumpime?"

"Mgeni ni mtu wa kawaida," Baba akasema.

Siku ya mwaliko ilipokaribia, Shangazi Nelius akafika kutoka Karurumo na kikapu cha ndizi mbivu na maoni yake. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, na ndiye aliyetuzikia Mama, akatupikia, akatukemea mpaka tukapata usingizi tena. Aliitazama kona bila kuigusa.

"Mgeni unamleta jikoni aone masizi?"

"Ni mtindo," Baba akajibu.

"Mtindo. Na saa mbili majirani watamwona mama wa watu akitoka hapa. Nani atakuwa amemwona akiingia?"

Hilo Baba hakuwa amelipima.

Lenah alikuwa amelipima. Alhamisi ya mwaliko alitoka zamu akapita katikati ya mtaa mzima na yunifomu yake nyeupe, sweta ya buluu mabegani, akisalimia kila mlango kwa sauti ya kuamsha wodi. "Hamjambo hapa? Mama Kaberia, umeamkaje? Mimi ndio natoka kazini, ndio nafika kwa akina Njeru." Alipogonga kwetu, Majimbo yote ilikuwa na ushahidi.

Alikuwa mwanamke mkubwa, mzuri wa kutazama, mwenye mwendo wa mtu asiyeomba msamaha kwa nafasi anayoichukua. Aliisifu rangi. Kisha akavuta pumzi, akajipenyeza kati ya benchi na meza, na ile mito ya alizeti ikashusha pumzi kwa niaba yake. Baba akakaa mkabala naye. Nikawamiminia chai, nikawawekea nduma za moto na mayai, na Baba akazungumza habari za presha ya maji kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu nikiwa shule ya msingi. Lenah alicheka pale panapostahili na hata pale pasipostahili.

Saa ya kazi ikafika. Baba aliteleza nje ya benchi kama kipande cha sabuni.

"Wewe nenda," Lenah akamwambia. "Mimi namalizia chai kidogo tu."

Mlango ulipofungwa, Shangazi aliingia jikoni, akakishika kiti cha kaka yake, yaani ile nafasi ya benchi, na kuketi kwa nguvu. Shangazi hakuwa mwanamke mdogo. Meza ikalia.

"Mikinduri ni mbali sana," akaanza, kwa Kiswahili, kama tuko ofisini. "Mtu akikasirika aende kwao, sisi tutamrudisha namna gani?"

"Mimi nikikasirika huwa nafua nguo," Lenah akajibu.

"Na watoto?"

"Mmoja. Ako Nanyuki, ameoa."

Nilijaza chupa ya chai, nikajaza tena. Nilidhani ningeshuhudia vita, na kwa kweli sikujua ningemshangilia nani. Nilimpenda Shangazi. Na yule mwingine alikuwa amekaa pale gunia la Mama lilipokuwa, akimenya nduma kwa vidole safi vya kinesi, wala hakufanya kosa lolote ambalo ningeweza kumshikia. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jua likapanda, likaondoka dirishani. Hakuna aliyeinuka. Shangazi alimaliza ukoo wa Lenah kwa upande wa baba, akaingia upande wa mama. Lenah akauliza habari za kahawa ya Karurumo. Kiswahili kikawachosha, wakakiacha, huyu akasema Kiembu na yule Kimeru, wakaelewana vizuri zaidi. Lakini kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake kwa jicho la kusema, anza wewe kuondoka. Lenah, aliyekuwa macho tangu jana, alikuwa akisinzia huku amenyooka. Nilipoinama kuokota kijiko chini ya meza niliona miguu minne imekakamaa, haina pa kwenda.

Chai ndiyo iliyowashinda.

"Mama," Lenah akamwambia Shangazi, taratibu, akiweka kikombe chini. "Nakuheshimu sana. Lakini mimi nimekwama. Tangu asubuhi. Na sasa nahitaji choo."

Shangazi alitazama waridi za plastiki.

"Wewe angalau umesema," akajibu. "Mimi nilikuwa nafikiri nimekwama peke yangu."

Lenah alianza kucheka, akajizuia kwa sababu ya choo, na kule kujizuia kukamwambukiza Shangazi. Meza yote ikatetemeka. Nilitoka mbio hadi karakana ya Kinoti, naye akaja na msumeno na spana, akasimama mlangoni akiwatazama kwa heshima kubwa.

"Nilimuuliza mzee," akasema.

"Fungua boliti," Shangazi akamwambia. "Anza na huyu. Ametoka kazini."

Meza ilipoondolewa Lenah alikwenda uani kwa hatua ndogondogo za haraka. Aliporudi alikuwa anatafuta mkoba wake, macho mekundu, amevaa sweta upande mmoja tu. Alisema ataenda akalale kidogo, kwamba nyumba za hospitali si mbali. Ilikuwa mbali, na jua lilikuwa la kupasua kichwa.

Shangazi alinitazama mimi. Sijui alitaka nini, na sidhani alijua. Nilijisikia nikisema, "Kitanda changu kiko hapo. Ngoja nibadilishe shuka."

Nilitandika zile nzuri. Nikafunga pazia. Kabla sijatoka chumbani alikuwa tayari amelala na viatu, nikamvua kimoja, kisha kingine, nikaviweka chini ya kitanda vikitazama mlango.

Baba aliporudi kwa chakula cha mchana alikuta meza yake imeegemezwa ukutani nje, Kinoti akila ndizi, na dada yake amekalia kiti mlangoni, mikono ameifunga kifuani.

"Kumetokea nini?" akauliza.

"Sauti chini," Shangazi akamwambia. "Kuna mtu amelala."

Baba alimtazama, akanitazama mimi. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu, akaingia ndani na soksi.